Tiketi ya Kwenda Tu Mbele ya Afisa Uhamiaji

Kununua tiketi ya ndege ya kwenda tu si kosa. Kinachoamua kama tiketi hiyo itamfikisha msafiri anakokwenda ni aina ya ruhusa aliyo nayo ya kuingia nchi ile. Kwa anayehamia, anayekwenda kusoma au anayekwenda kazini, tiketi ya kwenda tu inalingana na viza yake. Kwa mgeni anayesema anakwenda kutembea wiki mbili, tiketi hiyohiyo inapingana na maneno yake, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Swali la kwanza haliulizwi ugenini. Huulizwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam, wakati mizigo ingali kwenye toroli. Mhudumu wa kaunta si afisa wa serikali, lakini anaweza kumzuia abiria asipande ndege. Huangalia uraia wa abiria, pasipoti yake, nchi aendako na zile atakazopitia, kisha hulinganisha na masharti yaliyomo katika Timatic, hazina ya taarifa inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Masharti yakisema kwamba mgeni lazima awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, mhudumu ataitaka. Kumwambia kwamba rafiki aliingia mwaka jana bila kuulizwa hakusaidii kitu.

Ukali huo una sababu. Chini ya Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa mwaka 1944, hasa Kiambatisho chake cha 9, shirika lililomleta abiria aliyekataliwa kuingia ndilo linalowajibika kumwondoa. Juu ya hayo, nchi nyingi hulitoza faini shirika linalomleta mtu asiye na hati zinazotakiwa. Uingereza hutoza hadi pauni 2,000 kwa kila abiria. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2001, uliziachia nchi wanachama kuchagua namna ya kutoza, mojawapo ikiwa faini isiyopungua euro 3,000 kwa abiria mmoja. Shirika lililokwisha kulipa fedha hizo mara kadhaa huona afadhali limwache abiria mwenye mashaka uwanjani kuliko kumbeba na kumrudisha.

Masharti yenyewe hutofautiana sana. Ufilipino huwaruhusu raia wa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, kuingia bila viza kwa siku 30, ila kwa sharti kwamba wawe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea nchi nyingine. Marekani ina sharti la namna hiyo kwa wageni wanaoingia bila viza kwa siku zisizozidi 90. Mpango huo wa kuingia bila viza hauwahusu wenye pasipoti za Afrika Mashariki, lakini unawahusu Waswahili wengi waliochukua uraia wa Uingereza, Ujerumani au Uholanzi. Wapo wanaodhani kwamba tiketi ya kuvuka kutoka Marekani hadi Kanada au Mexico inatosha. Haitoshi, isipokuwa kwa mtu mwenye makazi huko, kwa kuwa sheria inataka safari iishie nje ya nchi hizo jirani na visiwa vya Karibi.

Kwa mwenye viza ya utalii jambo huwa tofauti kidogo. Kanuni za mipaka ya nchi za Ulaya za eneo la Schengen hazisemi kwamba kila mgeni lazima awe na tiketi ya kurudi. Zinamtaka aeleze sababu ya safari na aonyeshe kwamba ana fedha za kuishi na za kurudi alikotoka. Tiketi ya kurudi ni mojawapo ya uthibitisho unaokubalika, tena ndio mwepesi kuliko yote. Asiye nayo hubaki na kazi ya kuthibitisha kwa taarifa za benki, barua ya mwajiri au ratiba ya safari. Viza ya Schengen pia huwa na mtego unaowanasa hata wenye tiketi kamili: kwenye stika kuna tarehe za mwanzo na mwisho wa viza, na pembeni kuna idadi ya siku za kukaa. Viza inaweza kuwa hai kwa mwezi mzima huku siku za kukaa zikiwa 15 tu, na siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka vilevile. Tiketi ya kurudi iliyopangwa siku ya 20 humletea mgeni huyo matatizo makubwa kuliko kutokuwa na tiketi, kwa sababu inaonyesha wazi kwamba anakusudia kupitiliza muda.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mzigo huu ni mwepesi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama anayetembelea nchi nyingine pasi ya hadi miezi 6 bila malipo. Hata hivyo, Mkenya anayeruka kwenda Zanzibar na kupanga kurudi kwa boti na basi kupitia mpaka wa Horohoro hufanya vizuri kuwa na tiketi ya basi au maelezo yanayoeleweka. Tiketi ya kuendelea na safari si lazima iwe ya ndege kila mahali, ila mhudumu wa kaunta huielewa ya ndege haraka zaidi.

Ugumu wa sharti hili umezaa biashara ya tiketi bandia, na hapa msafiri anapaswa kujua anachokinunua. Nafasi iliyowekwa na tiketi iliyotolewa ni vitu viwili. Nafasi iliyowekwa huwa na msimbo wa herufi na tarakimu 6, na isipolipiwa kwa wakati hufutwa na mfumo wenyewe. Tiketi iliyolipiwa huwa na namba ya tarakimu 13, na tarakimu 3 za mwanzo hulitambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines. Karatasi iliyopambwa kwa nembo na jina la abiria lakini haina namba hiyo ni ushahidi wa nafasi tu, na huenda nafasi yenyewe ilikwisha kufutwa usiku uliopita. Mhudumu huandika msimbo ule na kuona hakuna kitu. Kuanzia hapo mazungumzo huacha habari za tiketi na kugeukia uaminifu wa abiria. Aliye na mashaka ya kweli kuhusu tarehe ya kurudi ana njia halali: anunue tiketi inayoruhusu kubadilishwa tarehe, au inayorudishiwa fedha, japo bei yake huwa juu.

Wapo ambao tiketi ya kwenda tu ndiyo inayowafaa. Mshindi wa bahati nasibu ya viza za Marekani huingia kama mhamiaji. Akigongewa mhuri uwanjani, viza iliyobandikwa kwenye pasipoti yake hutumika kwa mwaka mmoja kama uthibitisho wa ukaazi huku akisubiri kadi. Mwanafunzi anayekwenda huko hubeba fomu ya I-20 kutoka chuoni, naye haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza, hata kama tiketi ya mapema ni ya bei nafuu. Wakimbizi waliopata makazi mapya kutoka kambi za Kakuma, Dadaab au Nyarugusu walisafiri kwa tiketi za namna hii zilizokatwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huku wakibeba mkononi mfuko wa plastiki wenye nembo ya shirika hilo na nyaraka zao zote ndani. Wengi hawajui kwamba tiketi zile, kwa waliokwenda Marekani, zilikuwa mkopo usio na riba, ambao familia ilitakiwa kuulipa kidogokidogo baada ya kufika. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025.

Safari za kazi Ghuba zinahitaji uangalifu wa pekee. Mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda Saudi Arabia au Oman kwa kawaida hukatiwa tiketi ya kwenda tu na mwajiri, na ya kurudi huahidiwa mwishoni mwa mkataba, ambao mara nyingi ni wa miaka 2. Kama ana viza ya kazi na mkataba uliothibitishwa, hilo ni la kawaida. Hatari huja wakala anapompa msichana viza ya matembezi na tiketi ya kwenda tu, akimhakikishia kwamba viza itabadilishwa akifika. Hizo ni miongoni mwa dalili ambazo maafisa wa viwanja vya Afrika Mashariki huzitafuta wanapopambana na usafirishaji haramu wa watu, na ndiyo maana wengine huzuiwa hata kabla ya kupanda. Ni kizuizi kinachouma siku hiyo, lakini kimewaepusha wengi na kunyang'anywa pasipoti katika nyumba wasiyoijua anwani yake.

Abiria akishafika, afisa uhamiaji hana wajibu wa kukubaliana na shirika la ndege. Viza humruhusu mtu kufika mlangoni na kuomba kuingia. Uamuzi wa kumruhusu hufanywa palepale. Afisa huuliza sababu ya safari, siku za kukaa, mahali pa kulala, nani analipa na kazi gani imeachwa nyumbani. Mwenye tiketi ya kwenda tu huulizwa zaidi, na akipelekwa chumba cha ukaguzi wa pili mizigo yake inaweza kufunguliwa. Mtalii wa wiki mbili anayekutwa na bahasha ya vyeti halisi vya shule, wasifu wa kuombea kazi na makoti ya msimu ambao bado uko mbali, ameshajibu maswali ambayo hajaulizwa.

Akikataliwa, hungoja katika eneo maalumu la uwanja hadi ndege ya kurudi. Kama ana tiketi ya kurudi, shirika huweza kuitumia. Kama hana, humsafirisha na baadaye huweza kumdai nauli, kwa kuwa masharti ya tiketi yanaruhusu hivyo. Pasipoti mara nyingi hukabidhiwa wahudumu wa ndege, naye huipata akishatua. Katika nchi za Schengen lazima apewe fomu maalumu yenye sababu ya kukataliwa na maelezo ya namna ya kukata rufaa. Fomu hiyo haifai kutupwa. Fomu nyingi za viza huuliza kama mwombaji aliwahi kukataliwa kuingia nchi yoyote. Anayejibu ndiyo na kuambatisha sababu anaweza bado kupewa viza, lakini anayeficha na kugundulika huweza kufungiwa: kwa Uingereza, udanganyifu katika maombi huleta marufuku ya miaka 10.