Jarida Likichelewa, Nani Anadaiwa?

Mwaka jana kikundi chetu cha waseminari wanaopenda ndege na wanyama kilichanga fedha na kujiandikisha kupata jarida moja la nje ya nchi, matoleo manne kwa mwaka. Toleo la kwanza lilifika, la pili likafika. La tatu halikuonekana. Mwezi ulipita, wa pili ukapita, na kila aliyetoka Kiwira kwenda Tukuyu kufungua sanduku la posta alirudi mikono mitupu. Kufikia mwezi wa tatu maneno yalianza kusemwa chini chini: huenda mweka hazina alilipia nusu mwaka tu. Stakabadhi alikuwa nayo, lakini wawili kati yetu walikwisha kukataa kuchangia mwaka unaofuata.

Hatukuwa tumejiuliza swali la kwanza kabisa: jarida linasafiri vipi hadi kwetu, na mchapishaji anapaswa kufanya nini likichelewa? Tumeona tuyaeleze hapa, kwa sababu parokia, shule na familia nyingi hujiandikisha kupata magazeti na majarida, na ugomvi kama wetu si mgeni.

Unanunua matoleo, si miezi

Anayelipa ada ya mwaka hudhani amenunua miezi kumi na miwili. Kwa kawaida amenunua idadi ya matoleo. Kama ni manne, mchapishaji anadaiwa manne, hata kama la mwisho litatoka mwezi wa kumi na tano. Ndiyo maana kila toleo lina namba yake. Mwezi ulioandikwa kwenye jalada unaweza kumdanganya msomaji. Wachapishaji wengi huandika mwezi wa mbele ili jarida lisionekane limezeeka dukani, na toleo la Juni laweza kuwa limetoka Mei. Namba haina ujanja huo. Ukipokea namba 11 na baadaye namba 13, unajua kwamba namba 12 imekosekana. Ukiwa na 11 tu, huenda 12 haijachapishwa bado.

Mahali jarida linapokwama

Sehemu ya kwanza ni mezani kwa mhariri. Majarida mengi ya hobi huandikwa na wapenzi wa jambo lenyewe, watu wenye kazi nyingine za kuwalisha. Mwandishi mmoja akiugua, kurasa kumi zinabaki wazi.

Sehemu ya pili ni kiwandani. Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo karatasi yenyewe ilikuwa tatizo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikuta nchi ikiwa na uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi nyingi ilikuwa ikiagizwa kutoka nje. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985.

Sehemu ya tatu ni njiani. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi, umewezesha kifurushi kulipiwa mara moja tu kinakotoka na kupokelewa na posta ya nchi nyingine bila malipo mapya ya stempu. Lakini jarida linalotumwa kwa bei nafuu hupanda meli, na safari yake huhesabiwa kwa wiki na hata miezi. Hata ndege haina uhakika wa siku zote. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari za ndege, barua na vifurushi vililala viwanja vya ndege duniani kote. Likishafika Dar es Salaam, jarida hupangwa, hupakiwa kwenda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, kisha hushuka Tukuyu.

Sehemu ya mwisho ni sandukuni. Kwetu barua nyingi haziletwi mlangoni, zinakwenda sanduku la posta. Namba moja ikikosewa kwenye anwani, jarida linaingia kwa jirani asiyejua ni la nani.

Tena, jarida la kawaida halitumwi kwa rejista, kwa hiyo halina namba ya kufuatilia. Karani wa posta hana daftari la kuangalia limefika wapi. Kumgombeza ni kumwonea. Wa kuulizwa kwanza ni aliyetuma.

Wachapishaji hujibu vipi

Njia ya kwanza ni kumwomba msomaji asubiri. Wengi hutaja muda, mara nyingi wiki sita hadi nane kwa toleo la kwanza, na zaidi kwa nchi za mbali. Muda huo ukiisha ndipo hulihesabu toleo kuwa limepotea.

Njia ya pili ni kutuma nakala nyingine. Kila uchapaji huacha nakala chache za akiba kwa ajili hiyo. Akiba hiyo huisha, na anayekaa mwaka mzima ndipo akumbuke kulalamika huenda akaambiwa hakuna tena.

Njia ya tatu ni kuongeza toleo moja mwishoni mwa usajili. Msomaji hakosi idadi yake, ingawa anabaki na pengo kwenye rafu.

Njia ya nne ni toleo pacha, yaani namba mbili ndani ya jalada moja. Historia ya nchi yetu ina mfano. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza Dar es Salaam mwaka 1936, na baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa serikali, wamisionari na walimu walioandika historia, mila, milima na wanyama kwa sababu waliyapenda mambo hayo. Namba 81 na 82 zilitoka pamoja mwaka 1977, na namba 84 na 85 mwaka 1980. Ukikuta jarida la namna hiyo maktabani, usidhani limeibwa moja. Jambo la kuangalia ni hesabu: toleo pacha kwa kawaida huhesabiwa kuwa matoleo mawili, na msomaji mwenye haki ya manne anabakiza mawili.

Njia ya tano ni kubadili utaratibu, kwa mfano jarida la kila mwezi kuwa la kila miezi mitatu, au kumpa msomaji nakala ya kusoma kwenye simu wakati ya karatasi inasafiri. Na jarida likifa kabisa, mchapishaji mwaminifu hurudisha fedha iliyobaki au humpa msomaji jarida lingine badala yake.

Njia mbaya kuliko zote ni kukaa kimya. Msomaji aliyeambiwa mapema kwamba toleo limechelewa hukasirika siku moja. Asiyeambiwa kitu hutafuta mwizi, na mara nyingi humtafuta karibu naye.

Ahadi ni deni, kwa pande zote mbili

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ya haki ifuatwe kwa uaminifu. Aliyepokea ada amejifunga. Lakini msomaji naye amejifunga. Anayedai nakala nyingine huku ya kwanza anayo chumbani ili ampe rafiki, anaiba, hata kama ni karatasi tu.

Namba 2477 ya Katekisimu hiyo hiyo inagusa upande mwingine: inakataza kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Hapo ndipo sisi tuliposhitakiwa.

Tuliandika barua pepe kwa mchapishaji. Tulitaja tarehe ya malipo, namba ya stakabadhi, toleo la mwisho tulilopokea na anwani yetu kamili, bila tusi wala kitisho. Jibu lilikuja: toleo la tatu lilichelewa kiwandani kwa wiki saba, na wasomaji walikuwa wameshaarifiwa kwa karatasi ndogo iliyowekwa ndani ya toleo la pili. Tulikwenda kuangalia. Karatasi ilikuwepo, mmoja wetu alikuwa ameitumia kuwekea alama ukurasa wa bundi. Hakuna aliyeisoma.

Mwezi wa tano bahasha mbili zilifika siku moja, toleo la tatu na la nne. Siku hiyo hiyo tulikaa na mweka hazina wetu na kumwomba radhi mbele ya kikundi chote, kwa sababu maneno yalisemwa mbele ya wengi. Wale wawili wamerudi kuchangia.

Tangu hapo tuna daftari lenye safu nne: namba ya toleo, tarehe lilipotarajiwa, tarehe lilipofika, na barua tuliyoandika kama halikufika. Stakabadhi imebandikwa ukurasa wa kwanza, na kila mwanachama anaweza kulifungua wakati wowote. Parokia au jumuiya inayochangia gazeti inaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la kawaida la shule. Na kila jarida likifika, kabla ya kutazama picha, mmoja wetu huzisoma karatasi zote ndogo zilizomo ndani, kwa sauti.