Diski Imejaa na Video Ziko Nje: Nani Kala Nafasi?

Baada ya kila shughuli yetu, iwe mahafali, harusi au usiku wa utamaduni, sisi tunaojitwika kazi ya kuhariri video huwa tunaulizwa swali moja: mbona kompyuta inasema diski imejaa, na video zote ziko kwenye diski ya nje? Wengine hushikwa na hofu, wakaanza kufuta kila faili kubwa wanaloliona. Jamani, ngoja kwanza. Ukifuta silo, harusi ya watu ndiyo imekwenda hivyo, na bibi harusi hataolewa tena ili wewe upate picha.

Mafaili yako ya aina tatu. La kwanza ni lile lililotoka kwenye kamera au simu. Hilo ndilo mali. La pili ni faili la mradi. Hili ni dogo, kwa sababu halina picha ndani yake, ni orodha ya maagizo tu: kata hapa, weka muziki pale, chukua picha kutoka faili fulani. La tatu ni lile ambalo programu imejitengenezea ili ifanye kazi haraka: mawimbi ya sauti, nakala za kutazamia, vipande vilivyokwisha kuchakatwa. Haya ndiyo yanayoitwa kache. Hukuyaomba wala huyaoni, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Basi fumbo limefumbuka. Premiere Pro, kwa mfano, usipoipangia mahali, huweka kache yake kwenye folda ya mtumiaji ndani ya kompyuta, yaani diski C kwa wenye Windows. Video ziko nje, C inazidi kunenepa.

Tufanye hesabu kidogo. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate megabaiti 12.5, kisha zidisha kwa sekunde 3,600. Hiyo ni GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa tatu ni GB 270, na laptop ya GB 256 haiwezi hata kuzimeza, achilia mbali kuzihariri. iPhone ina nafuu: 4K ya fremu 30, kwa mfumo wa HEVC, hula kama MB 170 kwa dakika, karibu GB 10 kwa saa. Lakini usishangilie mapema. Ukiiambia Final Cut Pro itengeneze nakala zilizoboreshwa, inazigeuza kuwa ProRes 422, na saa ile ile moja inafika kama GB 265! Chagua nakala za proksi, ambazo ni ndogo zaidi na zinatosha kabisa kwa kukata na kupanga.

Sasa ukikwama, fuata utaratibu huu:

1. Angalia ni diski ipi iliyojaa, ya ndani au ya nje. Usifute kitu kabla hujajua.

2. Chomeka diski yenye video za asili, kisha futa kache kupitia programu yenyewe, si kwa kupekuapekua folda. Kwenye Premiere Pro nenda Preferences, halafu Media Cache. Kwenye DaVinci Resolve ni menyu ya Playback, Delete Render Cache. Kwenye Final Cut Pro chagua laibrari yako, fungua menyu ya File, kisha Delete Generated Library Files. Kache ikihitajika tena, programu itaitengeneza. Wewe utasubiri kidogo tu.

3. Kwenye ukurasa ule ule wa Media Cache, hamishia kache kwenye diski ya nje yenye kasi, hasa SSD. Unaweza pia kuiamuru programu ifute yenyewe kache iliyopitisha siku kadhaa.

4. Mwaga pipa la taka. Faili lililomo humo bado linakula nafasi kama kawaida.

5. Je, nafasi ipo tele lakini diski inakataa kupokea? Huenda imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT, inayosomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza.

Na yale mafaili ya kwanza? Hayo usiyaguse mpaka uwe na nakala kwenye diski mbili tofauti, hata kama mwenye kamera anaidai kadi yake kesho asubuhi. Ukiyafuta, mradi utafunguka vizuri tu, kisha Premiere itakuandikia Media Offline pale palipokuwa na picha. Orodha ya maagizo unayo, vitu vyenyewe huna. Kadi ikishafomatiwa na kurekodiwa juu yake, hata fundi atakuambia pole.

La mwisho ni la wazee wetu nyumbani, wanaotazama kwa simu na bando la kununua. Video ya megabiti 8 kwa sekunde ni MB 60 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni MB 600. Wakatie kipande cha dakika tatu, toa kwa megabiti 3, wapate kitu cha MB 68 hivi. Ile nzima watunzie kwenye diski, mtaipeleka mkienda likizo.

Haya, kazi kwenu. Panapo majaliwa tutaonana toleo lijalo.