Visiwa vya Ziwa la Nyasa

Wasikilizaji wangu, mtu akitaja kisiwa, wengi wetu hukumbuka bahari: Unguja, Pemba, Mafia, ama nchi ya Komoro, penye minazi na majahazi na maji ya chumvi yasiyonyweka. Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya visiwa vya namna nyingine, vilivyo mbali na pwani, katikati ya maji matamu ya Ziwa la Nyasa. Hasa nasema na wale wakaao katika milima ya Kingerikiti na Mbinga, ambao labda huwaza kwamba habari za visiwa haziwahusu, kwa kuwa wao ni wakulima wa mlimani. Natumaini kwamba kabla ya kumaliza nitawaonyesha ya kuwa jembe la mlimani na mwamba wa ziwani ni majirani.

Kwanza na tulitazame ziwa lenyewe. Urefu wake kutoka kaskazini hata kusini ni yapata maili 360, na upana wake hauzidi maili 50. Uso wa maji yake uko juu ya usawa wa bahari kwa futi 1,550 hivi, lakini kina chake hufika futi 2,300. Maana yake, pale penye kina kirefu, sakafu ya ziwa iko chini ya usawa wa bahari. Mito mingi huingia humo, na kwa upande wa Tanzania ulio mkubwa kuliko yote ni Ruhuhu. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Shire, kule kusini, uendao kujiunga na Zambezi. Na mlango huo ni mwembamba. Kwa muda wa miaka 20 hivi, tangu mwaka 1915 hata 1935, ziwa lilipungua hata maji yakakoma kutoka. Maji mengi ya ziwa hupotea kwa joto la jua, wala si kwa mto. Na takataka iingiayo haichukuliwi na jua. Jambo hili nawaomba mliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tupande chombo. Ukiondoka Mbamba Bay kuelekea kusini, baada ya maili 55 hivi utakiona kisiwa cha Likoma, na magharibi yake kisiwa kidogo cha Chizumulu. Likoma haipiti maili 7 za mraba. Kina mawe, mibuyu mikubwa na miembe, na fukwe za mchanga. Pwani ya Msumbiji iko karibu, upande wa mashariki, nayo nchi kavu ya Malawi iko mbali, ng'ambo ya ziwa. Walakini visiwa hivi viwili ni vya Malawi. Mgeni atauliza, imekuwaje?

Yafaa turudi nyuma katika karne ya 19. Siku zile pwani ya mashariki ya ziwa haikuwa na amani. Wafanya biashara ya watumwa walipita, na mashambulio ya Wangoni yaliogopwa vijijini. Maji yalikuwa ngome, na watu wa kisiwani walilala usingizi kuliko wenzao wa bara. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1880, wamisionari wa Kiingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu walipotafuta mahali pa kukaa, waliichagua Likoma, nao wakaifanya makao yao makuu katika ziwa. Kutoka hapo walifika Liuli na vijiji vingi vya upande wetu. Hata William Percival Johnson, aliyesafiri ziwani kwa zaidi ya miaka 40, alifariki Liuli mwaka 1928. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1903, likawekwa wakfu mwaka 1911, nalo lasimama hata leo, kubwa mno kwa kisiwa kidogo namna ile.

Basi mipaka ilipokuja kuandikwa, kukaa kwa misheni ile kulikuwa na uzito. Katika maafikiano ya mwaka 1954, Uingereza na Ureno ziliupitisha mpaka wa Nyasaland na Msumbiji katikati ya ziwa, ila Likoma na Chizumulu vikaachwa upande wa Nyasaland, na kila kimoja kikazungukwa na ukanda mwembamba wa maji yake. Nyasaland ikapata uhuru mwaka 1964 kwa jina la Malawi, na Msumbiji mwaka 1975. Hivi ndivyo visiwa vya nchi moja vilivyobaki ndani ya maji ya nchi nyingine.

Lakini mpaka ni wino, na njaa si wino. Udongo wa Likoma ni mchache na wenye mawe. Zao lake kubwa ni muhogo, nao hautoshi kuwalisha watu wote. Miti ya kuni ilikatwa zamani, ikabaki mibuyu, ambayo haina kuni za maana, na miembe, ambayo hukatwi mti unaokulisha. Kwa hiyo watu wa Likoma huvuka maji kutafuta nafaka, muhogo na kuni katika pwani ya Msumbiji, nao hupeleka samaki na vitu vya dukani. Lugha yao ni Kinyanja, ambayo jirani zao wa ng'ambo pia huisema, na undugu wao haukuulizwa ulipochorwa mstari. Mtu asidhani kwamba kisiwa ni mahali pa kujitosheleza. Hakuna anayemhitaji jirani kama mtu wa kisiwani.

Wala kuvuka huko si mchezo. Kuanzia Mei hata Agosti huvuma upepo wa kusini uitwao mwera, ambao huliinua ziwa likawa na mawimbi kama ya bahari. Wavuvi wanajua kuusubiri, na asiyesubiri aghalabu hasimulii. Dhoruba zaweza kutokea na katika majira mengine. Askofu Chauncy Maples, aliyekuwa amekaa Likoma miaka mingi, alikwenda Uingereza kuwekwa wakfu, akarudi mwaka 1895; akiwa safarini kurejea kisiwani, mashua yake ilipinduka usiku katika dhoruba, naye akafa maji.

Hata ngoma hazikuzuiliwa na mpaka. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ilienea katika pande hizi ngoma ya kuiga kwata na bendi za askari. Upande wa Malawi, na Likoma ikiwamo, huitwa malipenga, kwa ajili ya vibuyu vinavyoimbiwa kama tarumbeta. Upande wetu wa Nyasa watu huijua sana kwa jina la mganda. Wanaume hujipanga safu kwa safu, wamevaa nadhifu, wakipiga hatua kwa pamoja. Wanawake nao wana kioda, ambayo ng'ambo huitwa chioda. Mzee wa Liuli akipelekwa Likoma siku ya ngoma hatahitaji mkalimani.

Hivyo ndivyo visiwa vya watu. Sasa nitawaambieni habari ya visiwa vya samaki, ambavyo ni vingi zaidi, wala havionekani katika ramani.

Katika Ziwa la Nyasa wako samaki wadogo wa mawe, wenye rangi ya buluu, manjano, nyeusi na nyekundu, ambao huitwa mbuna. Hawa hula ukijani unaoota juu ya miamba, huukwangua kwa meno. Jike huyaweka mayai kinywani, na watoto hukaa humo yapata majuma matatu, hata waweze kujitafutia. Mbuna hapendi kuondoka penye mawe. Akitoka kwenda mchangani hana pa kujificha wala chakula cha kukwangua. Kwa hiyo ufuko wa mchanga, ambao kwetu ni mahali pa kuvutia nyavu, kwake ni kama bahari isiyovukika. Na rundo la mawe, hata likiwa limeshikamana na nchi kavu, kwake ni kisiwa.

Matokeo yake ni ya ajabu. Kwa vizazi visivyohesabika samaki wa mwamba huu hawakuchanganyika na wa mwamba ule, wakaja kuwa na rangi zao, hata wengine wakawa jamii mbali. Wataalamu hukadiria kwamba samaki wa ziwa hili wa jamaa ya mbuna na ya magege wapita aina 800, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Karibu na pwani yetu viko visiwa vidogo vya Lundo, Hongi na Puulu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wafugao samaki ndani ya masanduku ya kioo, ambao hawajapata kuiona Tanzania, nao hutaja jina la Hongi kwa kuwa wana samaki aliyetoka huko. Malawi, kwa kuutambua utajiri huu, ilitenga hifadhi katika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1980, nayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984.

Sasa fikirini. Samaki wa bahari akimalizwa mahali pamoja, wengine huja kutoka kwingine. Mbuna wa mwamba mmoja akimalizwa, hakuna wa kuja. Na yaweza kummaliza nini? Nyavu za matundu madogo, naam. Lakini liko jambo jingine, ambalo halitoki ziwani. Mvua inyeshayo katika milima ya Mbinga na Nyasa, mengi ya maji yake hushuka magharibi hata ziwani. Yakipita katika shamba lililofunguliwa vibaya juu ya mteremko, huchukua udongo. Udongo huo huufunika mwamba kama vumbi juu ya sahani, ukijani usiote. Maji yakiwa machafu, hata dume na jike hawatambuani vema, maana hujuana kwa rangi.

Tena yuko mbasa, samaki mkubwa mwenye kung'aa, anayesifiwa kwa utamu wake. Yeye hukaa ziwani, lakini wakati wa mvua hupanda mito, kama Ruhuhu, kutaga mayai juu ya changarawe safi. Changarawe ikizikwa na matope, mayai hufa. Mbasa amekwisha andikwa miongoni mwa samaki walio hatarini. Mchuzi wa mvuvi wa Lituhi, basi, umo mikononi mwa mkulima asiyemjua.

Labda mkulima atajibu, "Nami nina watoto, je, niache kulima kwa ajili ya samaki?" La, ndugu yangu, sisemi hivyo. Jawabu limekwisha patikana, nalo halikuletwa na mgeni. Lilitungwa katika milima hiyo hiyo, na Wamatengo. Hao nao, katika karne ya 19, walikimbilia milimani kwa kuyaogopa mashambulio yale yale yaliyowafanya wengine kuthamini maji ya Likoma. Mlima ukawa kisiwa chao. Walikuwa wengi katika nchi ndogo yenye miteremko mikali, nao iliwapasa kulima pale pale mwaka kwa mwaka bila kuiharibu.

Wakalima ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, yapata Machi, wanaume hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyapanga chini kwa mistari yenye kupishana, mfano wa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Hivi kila mraba huwa shimo lililozungukwa na tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa pili mahindi. Magugu hutupwa shimoni yaoze. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Kila shimo huyapokea yake na kuyanywesha ardhi polepole, na udongo uliomomonyoka hukamatwa humo. Baada ya mahindi, shimo huhamishwa, na palipokuwa na mbolea ndipo panapoota chakula.

Kazi ya ngoro ni nzito, nami sikatai. Kijana ahamiaye shamba jipya, mbali na wazee, huona ni upesi zaidi kuchoma moto na kulima matuta yanayofuata mteremko. Mwaka wa kwanza atavuna. Lakini udongo ukishaondoka haurudi kupanda mlima, na kule chini ziwa halina mlango mpana wa kuutoa. Hasara itakuwa mara mbili: shamba litachoka, na mwamba utazikwa.

Basi, wasikilizaji wangu wa Kingerikiti, asubuhi mkiliona ziwa linameta kule chini, msiseme, "Hayo ni ya wavuvi." Watu wa Likoma wamejifunza kwa shida kwamba nchi ina ukingo, na mti uliokatwa ukingoni hauna wa pili nyuma yake. Milima yenu nayo ina ukingo. Mkulima aliyechimba ngoro zake vizuri amelinda maharage ya nyumba yake, na kwa jembe lile lile amewalinda samaki wa Hongi na mbasa wa Ruhuhu, wala hakulowa miguu. Kwaherini.