Mkristo na Mali (Sehemu ya Tatu): Hagai na nyumba zenye dari

Wiki iliyopita tulimwacha tajiri wa Luka 12 akipanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, naye akaitwa usiku uleule. Wasomaji wengi humsoma mtu yule kwa utulivu, kwa kuwa wanaona hawahusiki. Wao hawana ghala. Wana mshahara unaokwisha kabla mwezi haujafika katikati, mkopo wa SACCOS, nyumba iliyofikia lenta, na ada ya mtoto wa kidato cha tatu. Kwa sababu hiyo leo nawaacha matajiri, niwageukie watu ambao hawakuwa na utajiri wowote, lakini walikemewa kwa habari ya mali kwa maneno mazito. Ni watu wa Yerusalemu wa mwaka 520 K.K., na aliyetumwa kuwakemea ni nabii Hagai.

Kitabu chake ni kifupi, sura 2 zenye aya 38, na wengi wetu tunakijua kwa kipande kimoja tu, kile kinachosomwa siku ya changizo la ujenzi. Kipande hicho kimetumika vibaya, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuwaone watu wenyewe.

Wababeli waliliteketeza hekalu la Sulemani mwaka 586 K.K. na kuwapeleka watu uhamishoni. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi akauteka mji wa Babeli, kisha akawaruhusu Wayahudi warudi kwao wakaijenge upya nyumba ya Mungu wao. Kitabu cha Ezra kinawahesabu waliorudi kuwa 42,360, mbali na watumishi 7,337. Kinahesabu hata wanyama: punda 6,720, ngamia 435. Mtu akizitazama hesabu hizo anaelewa ni msafara wa watu wa namna gani, maana ngamia ni mnyama wa mfanyabiashara mkubwa na punda ni wa mtu wa kawaida. Walifika, wakasimamisha madhabahu, wakaweka msingi wa hekalu. Ndipo majirani wakaanza kuwatisha, wakakodi washauri wa kuwavuruga mbele ya serikali, na kazi ikasimama. Ilisimama kwa zaidi ya miaka 15.

Tuwatendee haki watu hawa. Walikuwa wameanza maisha upya katika nchi iliyobomolewa, chini ya dola ya kigeni. Mvua zilikuwa zimewanyima, mashamba hayakuwa yakizaa, na Hagai mwenyewe anakiri kwamba walikula wasishibe na kuvaa wasipate joto. Hawakuabudu sanamu, wazazi wao waliokwenda Babeli walikuwa wamekwisha kulipia kosa hilo. Walitoa dhabihu. Walizishika sikukuu. Hata siku ambayo Hagai alisimama kusema, siku ya kwanza ya mwezi wa sita, ilikuwa siku ya mwandamo wa mwezi, na kwa desturi yao siku hiyo hutengewa ibada. Kwa lugha yetu, alisema na watu wanaokuja kanisani.

Kosa lao alilieleza kwa kuwarudishia kauli yao wenyewe: walikuwa wakisema wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika. Ikumbukwe kwamba hakuna aliyesema hekalu lisijengwe. Lau wangeulizwa mmoja mmoja, wote wangekubali kwamba lijengwe, tena wangekubali kwa machozi. Walichosema ni kwamba bado. Mavuno yakae vizuri, mfalme mpya Dario atulie kitini, nyumba zetu kwanza ziishe. Na nyumba zao zilikuwa zinakwisha kweli, maana nabii anawauliza kama huu ndio wakati wao wa kukaa katika nyumba zenye dari, ilhali nyumba ya Mungu ni magofu.

Dari! Mtanzania yeyote aliyejenga anajua dari inakuja lini. Mtu huanza na msingi, akapandisha kuta, akafunga lenta, akapaua, akahamia hivyohivyo. Dari huja baadaye, pamoja na rangi na vigae, wakati mtu amekwisha kupata pa kulala na anatafuta pa kupendeza. Hagai hakuwalaumu kwa kujenga paa juu ya vichwa vya watoto wao. Aliwaonyesha kwamba zile fedha na nguvu walizosema hazipo zilikuwepo, nazo zilipandishwa juu zikapigiliwa misumari.

Hapa ndipo ninapoona moyo wa suala zima la Mkristo na mali. Tumezoea kufikiri kwamba mali humwondoa mtu kwa Mungu kwa kumfanya amkatae. Wako wanaokataa, lakini ni wachache. Kwa wengi wetu mali hufanya kazi kwa njia ya upole zaidi: inampangia Mungu tarehe, na tarehe ikifika inasogezwa. Nikimaliza kujenga. Nikishalipa mkopo. Watoto wakimaliza chuo. Bado natafuta, nikipata nitamtumikia Mungu vizuri, na yeye anaujua moyo wangu. Aliyesema hivyo akiwa na miaka 28 utamkuta anasema hivyo akiwa na 50, kwa uaminifu uleule, na kila safari sababu yake ni ya kweli kabisa.

Yesu aliliona hili. Katika mfano wa karamu kuu, Luka 14, walioalikwa wanatoa udhuru: mmoja amenunua shamba, mwingine jozi tano za ng'ombe wa kulimia, wa tatu ameoa. Shamba si dhambi, ng'ombe si dhambi, ndoa ni baraka. Wote wanajibu kwa adabu, hata wawili kati yao wanaomba wasamehewe, na bado karamu ikaliwa na wengine.

Mfano mkali zaidi umo katika Matendo 24. Feliksi, liwali wa Kirumi katika Uyahudi, alimwita Paulo kutoka kifungoni amsikilize. Paulo aliponena juu ya haki, kiasi, na hukumu ijayo, Feliksi aliingiwa na hofu. Alikuwa ameguswa. Akamwambia aende zake kwanza, atamwita akipata wasaa. Na Luka, ambaye ni mwandishi makini, anaongeza mara moja kwamba Feliksi alitumaini kupewa fedha na Paulo, ndiyo maana alimwita mara nyingi akazungumza naye. Miaka miwili ikapita hivyo, kisha akaja liwali mwingine. Wasaa aliupata tele, maana mazungumzo yalikuwa mengi. Ila kila alipoketi na mtume, fedha ilikuwa imekwisha kukaa kiti cha mbele.

Sasa nirudi kwenye matumizi mabaya niliyoyataja. Hagai aliwaambia watu waitafakari hali yao: mtu wa mshahara anaweka mshahara wake katika mfuko uliotobokatoboka. Baadaye anataja hesabu. Mtu aliliendea lundo la nafaka akitarajia vipimo 20, akakuta 10; aliliendea shinikizo la zabibu akitarajia 50, akakuta 20. Kisha, katika mwezi wa tisa, anawapa ahadi ya Mungu kwamba tangu siku ile atawabariki. Wahubiri wa injili ya mafanikio wameichukua ahadi hii wakaifanya kanuni ya biashara: panda mbegu kwenye madhabahu, mfuko wako utazibika, na kiasi cha mbegu ndicho kipimo cha mavuno. Nimeona wajane wakitoa akiba ya dawa kwa kanuni hiyo. Lazima isemwe wazi kwamba Hagai hakufundisha hivyo.

Kwanza, ukame ule anaueleza ndani ya agano ambalo Mungu alifanya na taifa la Israeli, agano ambalo baraka na laana zake zimeorodheshwa katika Kumbukumbu la Torati 28. Paulo, mtume wa agano jipya, aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kama utii ungekuwa na bei maalumu ya malipo, mtu huyo asingejua njaa. Pili, tazama Mungu aliwataka nini watu wa Hagai. Hakutaka dhahabu, ingawa hekalu la Sulemani lilifunikwa kwa dhahabu. Aliwaambia wapande mlimani walete miti. Aliwataka kile walichokuwa nacho mikononi, yaani mbao walizokuwa wakizifanyia dari, na siku zao za kazi. Baadhi yao walipolitazama hekalu jipya na kuliona si kitu mbele ya lile la zamani, Mungu aliwatia moyo akawaambia fedha ni yake na dhahabu ni yake. Maana yake hapungukiwi. Mahubiri yanayomwonyesha Mungu kama mhitaji anayengoja bahasha yako ndipo afungue mkono wake yanapingana na nabii huyuhuyu wanayemtaja.

Na kuna sehemu ya tatu ambayo siku ya changizo haisomwi kabisa, nami naisikitikia kuliko zote. Hekalu likiwa linaendelea kujengwa, Hagai aliwaendea makuhani na swali la sheria. Mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, na upindo ukagusa mkate au mafuta, je, mkate ule unakuwa mtakatifu? Wakajibu, la. Na mtu aliyetiwa unajisi kwa kugusa maiti akivigusa vitu hivyo, je, vinanajisika? Wakajibu, ndiyo. Hagai akasema ndivyo lilivyo taifa hili, na kila wanachokitoa pale ni najisi. Utakatifu hauambukizi, uchafu unaambukiza. Fedha ya rushwa haitakaswi kwa kutumbukizwa katika kapu la sadaka. Mshahara wa dada wa kazi uliozuiliwa miezi mitatu haugeuki kuwa sadaka njema kwa sababu umenunua saruji ya kanisa. Anayetaka kumtanguliza Mungu na aanzie hapo, amlipe dada yule, kabla hajafikiria mifuko ya saruji.

Hagai anaandika tarehe zake kwa uangalifu usio wa kawaida, na kutokana na tarehe hizo tunajua kwamba Zerubabeli aliyekuwa liwali, Yoshua kuhani mkuu, na watu wote waliitika siku 23 tu baada ya neno la kwanza. Mvua ilikuwa haijanyesha. Mavuno hayakuwa yamebadilika. Hekalu lilikamilika mwaka 515 K.K., miaka kama minne na nusu ya kazi kwa jengo lililongoja zaidi ya miaka 15.

Mkristo hana hekalu la mawe la namna ile. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wao ndio hekalu la Mungu. Na ni Wakorintho hao hao wanaotuonyesha kosa la Yerusalemu likijirudia kanisani. Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili na biashara kubwa. Paulo alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu, nao wakaahidi kwa moyo wote. Ukipima Wakorintho wa Pili sura ya 8 na ya 9 utaona mwaka umepita na ahadi bado ni ahadi. Wakati huohuo makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika dhiki na umaskini mkubwa, yaliomba kwa kusihi yaruhusiwe kushiriki, na Paulo anasema walijitoa nafsi zao kwanza kwa Bwana. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba Wamakedonia walitajirika baadaye.

Dawa ambayo Paulo alikuwa amewapa Wakorintho mapema zaidi, katika waraka wa kwanza, sura ya 16, ni rahisi kiasi cha kudharaulika. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isifanyike wakati yeye amekwisha kufika. Hakutaka harambee ya kuhemewa, watu wakisimamishwa mmoja mmoja na ahadi zikisomwa kwa kipaza sauti. Alitaka kitu kinachotengwa nyumbani, mapema, kabla ya matumizi mengine, na kinacholingana na kipato cha mtu. Tena alihakikisha watakaobeba fedha hizo wamechaguliwa na makanisa, mtu yeyote asije akapata la kulaumu. Kiongozi wa kanisa anayedai watu wamtangulize Mungu huku hesabu za sadaka hazisomwi popote anawadai waumini kile ambacho yeye mwenyewe hajakitoa.

Utaratibu huohuo unafaa kwa vitu visivyo fedha: sala ya familia inayongoja umeme uunganishwe kwenye nyumba mpya, mgonjwa wa jumuiya anayengoja Jumamosi yenye nafasi, ndugu mliyegombana naye kwa mirathi na unayesema mtapatana kesi ikiisha. Vipewe siku. Hagai aliandika siku, mwezi na mwaka.

Wakorintho hatimaye walitoa. Tunajua kwa sababu katika Warumi 15 Paulo anawataja watu wa Makedonia pamoja na watu wa Akaya, ambako ndiko Korintho ulipo, kwamba wameona vema kuwachangia maskini wa Yerusalemu, naye yuko njiani kuupeleka mchango. Huko Yerusalemu ndiko alikokamatwa, na alipojitetea mbele ya Feliksi alitaja kwamba alikuja kuliletea taifa lake sadaka. Nadhani ndipo liwali yule alipoanza kuisikia harufu ya fedha.

Wiki ijayo tutalichukua suala la fungu la kumi: lilivyokuwa katika torati, nani alilipokea, na kama linamfunga Mkristo.