Mama Asiyeingia Jikoni

Kwetu Subukia tumezoea kumheshimu mzazi kwa vitu vya kukaa nyumbani: tangi la maji, ng'ombe wa maziwa, mabati mapya. Siku hizi wapo watoto wanaochanga pesa wakampeleka mama pwani, mara nyingi Mombasa na wengine hadi Lamu, akae siku chache bila kazi. Wazee kadhaa huliona jambo hili kama anasa ya watu wa mjini. Mimi naona ni tendo linalostahili kuingia katika desturi zetu, ila kwa sharti moja: mama ale chakula cha wenyeji, na apakuliwe yeye kwanza.

Sababu iko katika maisha yake ya kila siku. Huku kwetu, Kabazi au Waseges, mama huamka kabla ya mapambazuko akakamua ng'ombe, akawasha kuni, akakoroga uji. Mgeni akibisha hodi saa yoyote, yeye ndiye wa kuinuka. Oktoba, mahujaji wanapomiminika kwenye Madhabahu ya Bikira Maria hapa Subukia kwa siku ya maombi ya kitaifa, nyumba nyingi hupokea jamaa wa mbali, na anayekula mwisho, sufuria ikiwa karibu tupu, ni huyo huyo. Mtu aliyeishi hivyo miaka hamsini hapumziki kwa kukalishwa tu mbele ya bahari. Mkodishie nyumba yenye jiko, mbebee unga, maharagwe na sukuma wiki, na kufikia jioni ya kwanza atakuwa amefunga leso kiunoni anapika. Mmehamisha kazi yake tu.

Lakini akila kwa wenyeji wa Lamu, jiko si lake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma. Huchujwa tui zito likawekwa kando, kisha tui jepesi ndilo la kuchemshia wali, na lile zito likaja mwishoni. Samaki wa kupaka huchomwa juu ya makaa huku akipakwa rojo la nazi, ukwaju na viungo. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mama wa bonde la Subukia, ambako mnazi hauoti, hana la kusahihisha hapo. Inambidi akae, aonje, aulize, asimuliwe. Ule ugeni wa chakula ambao watoto wengi huuogopa ndio unaompumzisha. Mji wenyewe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, unasaidia: vichochoro vyake hupitwa na punda na watu wa miguu, na hakuna matatu ya kumharakisha.

Pingamizi kubwa ni samaki. Ni kweli kwamba zamani Wakikuyu na Wakalenjin wengi hawakumla, na mzee anayemkataa hakosi adabu. Lakini mila ya chakula haijawahi kusimama. Mahindi na maharagwe ya githeri, chakula tunachokiapia, asili yake ni Amerika, nayo mahindi yaliingia Afrika Mashariki kupitia pwani hiyo hiyo. Chapati na pilau, ambazo harusi ya Subukia haikamiliki bila hizo, zilitufikia kupitia pwani pia. Lililo la kale kuliko vyakula hivyo ni adabu ya mgeni: hula kilichopikwa, wala hafiki na chungu chake. Asiyependa samaki ana kuku wa nazi, mchicha na mbaazi. Mwenye kisukari apunguziwe wali na mahamri; hilo ni la daktari wake, si la mila.

Wengine husema nauli ya zaidi ya kilomita 600 ingetosha kununua tangi. Kama nyumba haina maji au mama hana dawa, mahitaji hayo yatangulie, na mtu asikope kwa ajili ya bahari. Lakini tangi humnufaisha kila mtu nyumbani, mifugo ikiwemo, na bado mama ndiye atakayechota. Asiye na uwezo wa Lamu ana Ziwa Baringo karibu, na mashua za kwenda kisiwa cha Ol Kokwe. Heshima nayo ilindwe safarini: alale chumba chake, au na binti, si na mwana wa kiume aliyeoa.

Muulizeni kwanza kama anataka kwenda, kwa maana safari ya kulazimishwa ni mzigo. Epukeni Aprili na Mei, miezi ya masika. Jirani mmoja akubali kukamua ng'ombe, vinginevyo moyo wake utabaki zizini. Unga uacheni nyumbani. Na msingoje sana: kutoka Mokowe, upande wa bara, kwenda kisiwa cha Lamu hupandwa mashua, na magoti ya mama hayatangoja mpate pesa zaidi.