Shangazi na Risiti Zake

Kila Jumanne jioni baadhi yetu chamani huenda kutafsiri katika shirika dogo linalopokea wakimbizi mjini kwetu. Wengi wanaofika pale ni Wakongo, na kusema kweli wao ndio wanaotunyoosha Kiswahili. Muhula uliopita tulikuta darasa la Kiingereza limefungwa. Mama mmoja kutoka Uvira alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Watoto yangu, leo masomo hakuna?" Tulikosa la kumjibu.

Jibu tulilipata kwa mhasibu, Mkenya ambaye sote tunamwita Shangazi. Ruzuku ya darasa ilikwisha kuidhinishwa na mkataba kutiwa saini. Lakini ruzuku nyingi za serikali hapa Marekani hulipwa kwa kurudishiwa: shirika hutumia fedha zake kwanza, likamlipa mwalimu, kodi ya chumba na nauli za basi, kisha hupeleka risiti na kungoja. Shirika kubwa lina akiba. Dogo hukopa benki, na riba ya mkopo huo kwa kawaida haiwezi kudaiwa kwenye ruzuku. Shangazi alikuwa anangoja mwezi wa tatu. "Sisi ndio tunaoikopesha serikali," alisema, huku akipanga risiti za basi moja moja.

Tulirudi chuoni tukasoma kanuni. Za serikali kuu zinasema dai la kurudishiwa fedha lilipwe ndani ya siku 30, isipokuwa likionekana lina kasoro. Tukafurahi, hadi tulipofika kwenye riba. Tangu sheria ya mwaka 1982, kampuni inayoiuzia serikali kuu bidhaa hulipwa riba malipo yakichelewa. Ruzuku hazimo. Aliyeiuzia serikali viti analindwa. Anayefundisha kwa ruzuku yake halindwi, na halmashauri ya mji inayongoja ruzuku vilevile.

Makabila ya wenyeji asilia yamefika mbele kidogo. Sheria ya 1975 inayaruhusu kuendesha yenyewe zahanati na shule kwa mikataba na serikali, na mikataba hiyo inalindwa na sheria ya riba. Hata hivyo kupata malipo kamili kulihitaji kesi: mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Ramah Navajo, kwamba serikali ilipe gharama zote za kuendesha mikataba hiyo, hata kama Bunge halikutenga fedha za kuwatosha wote.

Kinachotuudhi ni kwamba kanuni zinaruhusu pia malipo ya awali. Ofisi inayomlipa Shangazi haijayakubali. Tumemsaidia kuandika barua ya kuyaomba.

Fedha zilifika wiki ya mwisho ya muhula, na darasa likafunguliwa. Mama wa Uvira hakuja. Alikuwa amepata kazi ya zamu ya jioni, Jumanne ikiwemo.