Hedseti ya Gemu ya Dola 50: Unalipia Nini kwa Saa?

Mwaka 2016 HyperX, wakati huo ikiwa mali ya Kingston, ilitoa hedseti ya gemu iitwayo Cloud Stinger kwa dola 49.99 za Marekani. Haikuwa na taa wala Bluetooth. Ilikuwa na spika mbili, mkono wa maiki na waya, basi. Toleo la pili, Cloud Stinger 2, lilipotoka 2022 bei ya kuanzia ilikuwa ileile. Ndiyo maana naichukua Stinger ile ya kwanza kama kipimo: ni hedseti ya bei nafuu iliyo wazi kuhusu kilichomo ndani yake.

Mnunuzi ninayemfikiria hapa hashindanii kombe lolote. Jioni anacheza mpira kwenye kompyuta saa moja au mbili. Mchana anafundisha wanafunzi kwa Zoom, ananakili mazungumzo ya watu wa ng'ambo, anapokea simu za wateja, na Jumapili ana kikao cha kamati ya harusi ambamo hakuna anayekumbuka kuzima maiki. Kwa mtu huyo nasema mapema: kinachostahili pesa yake ni maiki, na karibu namba zote zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazimhusu.

Ya kwanza ni milimita 50. Hicho ni kipenyo cha spika. Stinger inacho, na hata hedseti za bei ya chini kabisa pale Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, huandikiwa hivyohivyo. Kwa eneo, spika ya milimita 50 ina milimita za mraba 1,963, na ya milimita 40 ina 1,257, yaani ya kwanza imezidi kwa asilimia 56. Tofauti inaonekana kubwa, lakini Sennheiser HD 600, ambazo watu wa studio wamekuwa wakizitumia tangu 1997, spika zake hazifiki milimita 50. Ukubwa wa spika ni habari ya ukubwa tu. Ubora unatokana na utando wenyewe, sumaku na jinsi kikombe kilivyojengwa, na hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Kisha masafa. Stinger imeandikiwa Hertz 18 hadi 23,000. Sikio changa lenye afya husikia takriban 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua umri unavyosonga, kwa hiyo hapo umeuziwa sauti ambayo popo ataifaidi kuliko wewe. Tena masafa yaliyoandikwa bila kutaja yanayumba kwa desibeli ngapi hayapimi kitu. Spika inayonong'ona kwenye Hertz 30 na kupiga kelele kwenye 3,000 inaweza kuandikiwa 20 hadi 20,000 bila mtu yeyote kusema uongo.

Halafu kuna 7.1. Maana yake ni njia nane za sauti: saba kuzunguka chumba na moja ya besi. Fungua kikombe cha hedseti nyingi zenye maandishi hayo utakuta spika moja kulia na moja kushoto. Mzunguko unaoahidiwa unatengenezwa na programu inayochelewesha na kuchuja sauti ili ubongo udhani kitu kimetokea nyuma. Si utapeli, maana masikio yetu nayo ni mawili. Lakini kazi hiyohiyo inafanywa bure na Windows Sonic, iliyoingia Windows 10 mwaka 2017, kwa hedseti yoyote ile. Kwa Zoom haina faida yoyote. Mwanafunzi wako anazungumza kutoka mbele ya kioo na hatakuja nyuma yako.

Kuhusu taa nitasema machache. Hedseti nyingi za bei ya chini zina pini za sauti pamoja na waya wa USB, na mnunuzi hufurahi akidhani amepata USB. Vuta ile USB, sauti inaendelea kama kawaida. Ilikuwa inawasha taa tu, na wewe uliyeivaa huzioni.

Tuje kwenye maiki.

Sauti inapotoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Maiki ya laptopu iko kama sentimita 50 kutoka mdomoni. Mkono wa hedseti unaileta hadi kama sentimita 5. Umbali umegawanywa kwa kumi, na kumi kwa hesabu hiyo ni desibeli 20, yaani nguvu ya sauti mara 100. Kelele za chumba, iwe jenereta ya jirani, jogoo, mvua juu ya mabati au makanga wa matatu akiita abiria, zinafika kwenye maiki zote mbili kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo sauti yako imepanda juu ya kelele kwa desibeli 20 kabla programu yoyote haijagusa kitu. Hakuna laptopu ya bei mbaya itakayoikwepa hesabu hiyo, kwa sababu kinachoamua ni umbali.

Hapo ndipo hedseti ya gemu inapomshinda hata jamaa mwenye visikizi vya masikioni vya bei kubwa visivyo na waya. Visikizi hivyo maiki yake iko pembeni ya sikio, mbali na mdomo, na vinategemea programu kukisia ni ipi sauti yako. Juu ya hilo Bluetooth ya kawaida ina tabia ambayo watu wengi wameisikia bila kujua jina lake: maiki ikiwaka, muziki unageuka kuwa simu ya mezani. Ni kwamba mfumo wa kupigia simu wa Bluetooth husafirisha sauti ya njia moja kwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati muziki wa CD ni sampuli 44,100 kwa njia mbili. Waya wa Stinger hauna uchaguzi wa namna hiyo. Unasikiliza na kusema kwa wakati mmoja, na hakuna kinachoshushwa ubora.

Kuchelewa nako kuna namba yake. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200 hivi. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, kwa hiyo risasi unaisikia fremu 12 baada ya kuiona. Kwenye filamu programu inaweza kuichelewesha picha nayo ili vikutane, lakini gemu haiwezi, kwa kuwa wewe ndiye unayebonyeza.

Sasa pesa. Kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola, dola 50 ni shilingi 6,450. Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi ya mauzo, kwa hiyo ongeza VAT ya asilimia 16 inayotozwa Kenya na utakuwa karibu na 7,500, hapo usafiri, ushuru wa forodha na faida ya mwenye duka bado. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18. Tuchukue 7,500 kama sakafu. Upande wa pili tuweke hedseti ya taa isiyo na jina la kukumbukwa, tuseme ya shilingi 1,500.

Mtu wetu anaivaa saa 4 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni saa 88. Hedseti ya 1,500 ikidumu miezi mitatu imefanya saa 264, na kila saa imemgharimu shilingi 5.70. Stinger ikidumu miaka miwili, ambao ndio muda wa waranti ya kiwandani, imefanya saa 2,112, sawa na shilingi 3.55 kwa saa. Lakini ikifa baada ya mwaka mmoja, kila saa imekuwa shilingi 7.10, na yule aliyenunua za 1,500 mara nne ametumia 6,000 na bado anakucheka.

Bei ya moja ni mara tano ya nyingine, basi ile ghali lazima iishi mara tano. Kama ya bei ya chini inaishi miezi mitatu, mpaka uko kwenye mwezi wa 15. Waranti ya miezi 24 inavuka mpaka huo kwa nafasi ya kutosha, mradi aliyekuuzia ataitambua. Risiti ya mkono bila muhuri, au hedseti iliyosafiri ndani ya begi la mtu kutoka Dubai, na waranti hiyo imebaki kuwa pambo la boksi. Ndiyo sababu mimi huona maneno ya muuzaji kuhusu waranti yana uzito kuliko punguzo la shilingi 500.

Kinachoua hedseti si spika. Ni waya, pale unapoingia kwenye pini na pale unapoingia kwenye kikombe, kwa sababu ndipo unapopindwa kila siku. Stinger ina waya wa mita 1.3 uliofungwa kwenye kikombe, hautoki, pamoja na nyongeza ya mita 1.7 yenye pini mbili za kompyuta za mezani. Wa kwanza ukikatika ndani, dawa ni fundi na risasi yake. Kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa fundi anayejua, ila nyuzi za ndani ni nyembamba kama unywele na zimepakwa rangi ya kuzuia umeme, na fundi asiyeichoma hiyo rangi kwanza atakurudishia hedseti inayosikika upande mmoja.

Baada ya waya ni sponji za masikio. Zimefunikwa ngozi bandia ya poliyurethani, na adui wa kitu hicho ni joto likiandamana na unyevu: maji ya hewani yanaivunja taratibu hadi inaanza kubanduka na kuacha vipande vyeusi shavuni. Mombasa, Tanga au Unguja mambo hayo huja mapema kuliko Nakuru. Ukikaa pwani tafuta sponji za kitambaa, au hakikisha sponji za kubadilisha za modeli yako zinapatikana kabla hujalipa. Uzito nao usiupuuze. Stinger ni gramu 275, robo kilo ya sukari iliyopitiliza kidogo, na robo kilo kichwani saa ya nne haiko kama dakika ya kwanza dukani. Mwenye miwani ajaribu na miwani yake. Anayevaa hijabu ajaribu akiwa ameivaa, kwa kuwa kitambaa kinaongeza unene chini ya upinde na kuacha upenyo pembeni ya kikombe, na besi inatorokea hapo.

Wenye viwanda wenyewe hawaoni ukuta kati ya gemu na kazi. HP iliinunua HyperX mwaka 2021 kwa dola milioni 425, na mwaka uliofuata ikaichukua Poly, iliyozaliwa Plantronics, ile ile ambayo vifaa vyake vilikuwa masikioni mwa wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, kwa dola bilioni 3.3 pamoja na madeni yake. GN ya Denmark, wenye Jabra za vituo vya simu, walikubali kulipa krona bilioni 8 kwa ajili ya SteelSeries. Nyumba moja sasa inamuuzia hedseti anayepokea malalamiko ya wateja mchana na mwanawe anayerusha mabomu usiku.

Kuna namba moja ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo pekee kwenye karatasi ya Stinger ninayoisoma mara mbili: desibeli 102 kwa miliwati moja. Ukinzani wake ni ohm 30. Tundu la simu likitoa nusu ya volti, hiyo ni kama miliwati 8.3, na sauti inafika desibeli 111. Maana yake ni kwamba huhitaji amplifaya ya ziada, simu ya kawaida inatosha na kubaki. Maana nyingine haipendezi sana. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye 90 kikomo ni saa 4 kwa wiki nzima, na kwenye 100 ni kama dakika 20. Anayepokea simu saa 8 kwa siku tano amemaliza saa zake zote 40 ofisini, hata kama hakupita 80, kisha anarudi nyumbani kucheza. Akiwa ndani ya matatu ndipo anapoongeza sauti ili kuufunika muziki wa gari. Vikombe vinavyoziba sikio vizuri vina faida kuliko besi kubwa, kwa sababu vinakuruhusu kusikiliza chini.

Kabla hujatoa pesa angalia pini. Ikiwa na vipete vitatu ina njia ya maiki na itakwenda kwenye simu, kwenye laptopu ya tundu moja, na kwenye kidhibiti cha PlayStation au Xbox. Ikiwa na viwili, hiyo ni ya kusikilizia tu, na mwenzake wa maiki lazima awe pembeni. Simu nyingi za Tecno na Infinix za bei ya chini bado zina tundu la milimita 3.5. iPhone ililitupa mwaka huohuo Stinger ilipotoka, kwa hiyo mwenye iPhone aweke bei ya adapta kwenye hesabu yake. Kisha ichomeke kwenye simu yako mwenyewe, rekodi sauti yako nusu dakika ukiwa mlangoni mwa duka, pale kelele za barabara zinapoingia, na umtumie mtu kwa WhatsApp akwambie anasikia nini. Wakati huohuo pindapinda waya karibu na pini usikie kama unakwaruza. Muuzaji akikataa boksi lisifunguliwe, Luthuli ina maduka mengine.